Katiba Yetu Ilitoka Wapi?

Mzigo ukishushwa bandarini hapa Kalundu, mwenyewe huuliza mambo mawili: nani aliufunga, na ndani mna nini? Wasomaji wapenzi, tuulize vivyo hivyo juu ya katiba ya nchi yetu.

Sheria yetu ya kwanza ilifungwa mbali. Mwanzoni mwa mwaka 1960 wajumbe wa Kongo walikutana na Wabelgiji huko Bruxelles, katika mkutano ulioitwa wa Meza Mviringo, wakapatana kwamba uhuru utakuja tarehe 30 Juni. Lakini Sheria ya Msingi yenyewe ilipitishwa na bunge la Ubelgiji, tarehe 19 Mei 1960. Ilifuata desturi ya kwao, ambako mfalme hafanyi neno pasipo sahihi ya waziri. Ilisema kwamba Raisi humweka na kumwondoa Waziri wa Kwanza. Je, kwa hiari yake peke yake? Wabelgiji walilijua jibu kwa mazoea yao. Sisi mazoea hayo hatukuwa nayo. Tarehe 5 Septemba 1960 Kasavubu akamwondoa Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba Kasavubu si Raisi tena. Kila mmoja alidai kwamba sheria iko upande wake. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri mwili.

Katiba ya pili waliiandika Wakongo wenyewe mwaka 1964, huko Luluabourg, mji uitwao leo Kananga. Raia wakaitwa kuipigia kura Juni na Julai. Lakini tangu Mei Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi. Huku kwetu ilisikika bunduki, si kura. Nayo haikudumu: Mobutu alitwaa madaraka Novemba 1965, na mwaka 1967 akaleta katiba yake.

Ndipo ikaja ile ya kura ya tarehe 18 na 19 Desemba 2005, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Safari hii na sisi wa Uvira tuliulizwa.

Basi mzigo ni wetu. Je, tumeufungua? Kifungu cha 45 chaamuru wakubwa wa nchi waieneze katiba na kuifundisha. Tusikae kungoja. Mwalimu na aisome kwa Kiswahili, wazee na vijana wasikilize, kifungu kwa kifungu. Kwa maana akija mtu kutuambia kwamba katiba ibadilishwe, au isiguswe, tutamjibu nini tusipoijua? Asiyejua kilichomo mzigoni hatajua kilichoibwa.