Pauni Moja Juu ya Bili

Mwaka 1998, kwa mpango uitwao StreetSmart, migahawa ya London ilianza kuongeza pauni moja ya hiari juu ya bili ya kila meza, Novemba na Desemba, kwa ajili ya mashirika ya mtaani yanayohudumia wasio na makazi. Pengo hilo lilitoka wapi? Sheria ya 1977 iliyalazimu mabaraza ya miji kuwapa makazi wenye watoto, wajawazito, na waliodhoofishwa na uzee au maradhi. Mtu mzima mpweke mwenye afya aliambulia ushauri tu. Naye huyohuyo, akilala barazani, aliweza kukamatwa kwa Sheria ya Uzururaji ya 1824, iliyokuwa bado hai pauni ya kwanza ilipolipwa.