Vajinosisi ni mvurugiko, si uchafu

Mwaka 1955 watafiti wawili wa Marekani, Gardner na Dukes, walieleza bakteria waliyemhusisha na ute mwepesi wa ukeni wenye harufu kama ya samaki. Hali hiyo ilihesabiwa kuwa aina ya vajinitisi, yaani uvimbe wa uke, hadi mwaka 1984 lilipopendekezwa jina vajinosisi, kwa kuwa kwa kawaida uke wenye hali hii hauvimbi wala hauwi mwekundu. Kinachotokea ni kwamba laktobasili, bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki na kuishusha pH ya uke chini ya 4.5, hupungua, na bakteria wengine, ambao mara nyingi walikuwamo kwa uchache, huzaana kupita kiasi. Kiswahili chetu kinaiita hali hiyo "maambukizi ya bakteria ukeni", na mtaani huitwa "uchafu". Hili la pili linanisikitisha zaidi. Neno uchafu linamtuma mwanamke kwenye sabuni, naye akijiosha kwa ndani anazidi kuwaondoa laktobasili wale wale anaowahitaji. Wengine husema "fangasi", wakanunua dawa ya fangasi isiyotibu hali hii. Napendekeza "mvurugiko wa bakteria ukeni".

Nitaulizwa: kama si maambukizi, mbona hutibiwa kwa antibayotiki, metronidazoli ya miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa siku 7? Ni kweli, na tiba hiyo ni muhimu, maana hali hii huongeza hatari ya kupata VVU na ya kujifungua kabla ya wakati. Lakini dawa huwapunguza waliozidi tu. Haiwarudishi laktobasili, na kwa zaidi ya nusu ya wanawake hali hurudi ndani ya mwaka mmoja. Pingamizi zito zaidi limetoka Australia, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa kumtibu na mwenzi wa kiume hupunguza kurudi huko. Basi kujamiiana kumo katika visababishi, na mwenzi naye atibiwe daktari akishauri. "Mvurugiko" haulikani hilo. Unachokataa ni dhana ya kijidudu kimoja kilicholetwa na mtu mmoja, dhana inayozua shutuma chumbani kabla ya kipimo. Wala neno si geni: tumbo likivurugika, kila mtu anaelewa kwamba vilivyomo ndani vimepoteza mpangilio, na hakuna anayemwita mgonjwa mchafu.