Kutoka Mai Mahiu hadi Nakuru: Bonde la Wasafiri Wasio na Hiari

Anayetamani kuona kazi ya mikono ya mafundi wa Kiitaliano si lazima aombe viza ya Roma. Ashuke matatu kwenye mteremko wa Mai Mahiu, katika barabara ya chini inayotoka Nairobi kwenda Naivasha, na pale kando ya lami atakiona kikanisa cha mawe kilichojengwa mwaka 1942. Kanisa la Mtakatifu Maria wa Malaika ni dogo kiasi kwamba watu wapatao kumi na wawili hulijaza. Malori ya Uganda na Kongo hulipita kutwa kucha, na abiria wengi huliona mara moja tu, kwa pembe ya jicho.

Waliolijenga walikuwa mateka wa vita. Italia iliingia vitani Juni 1940, wakati ikitawala Ethiopia, Eritrea na Somalia ya kusini. Mapema mwaka uliofuata majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari Waafrika wa King's African Rifles, yalivuka mpaka kutoka Kenya. Addis Ababa ilianguka tarehe 6 Aprili 1941, na mwezi Mei mtawala mkuu wa Kiitaliano, Amedeo wa Aosta, akasalimu amri huko Amba Alagi. Makumi ya maelfu ya Waitaliano waliletwa Kenya, wakatiwa kambini Nanyuki, Londiani na kwingineko. Amedeo mwenyewe alifia Nairobi Machi 1942, akazikwa Nyeri.

Miongoni mwa mateka hao walikuwamo waashi, wachoraji na mafundi wa barabara. Serikali ya kikoloni ilihitaji njia ya magari ya kuteremkia Bonde la Ufa, nao wakapewa kazi ya kuichonga ukutani mwa bonde. Kanisa walilijenga kazi ikiendelea, ili wapate pa kusalia. Kuhusu matembezi ya hiari, labda waliobahatika ni Felice Benuzzi na wenzake wawili. Januari 1943 walitoroka kambi ya Nanyuki ili kuupanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe.

Hapo ndipo mgeni anayetembea peke yake, bila haraka, anapoanza kulielewa bonde hili. Katika Siena au Firenze historia imekusanyika penye uwanja mmoja na kanisa kuu, na mtu huweza kukaa akaitazama. Kuanzia Mai Mahiu hadi Nakuru historia imelala njiani, katika barabara, reli na stesheni, na sehemu kubwa yake ni habari ya watu waliosafirishwa bila kuulizwa.

Kabla ya barabara ya Waitaliano ilikuwapo reli. Nairobi ilipata stesheni mwaka 1899, lakini ukuta wa bonde ukawazuia wajenzi. Kwa muda, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma juu ya mteremko mkali, hadi madaraja yalipokamilika mwaka 1901. Njia ilifika Nakuru mwaka 1900, na Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Kwa reli nzima ya kutoka Mombasa waliletwa zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India kwa mkataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Waafrika waliobeba mawe, kuni na maji waliandikwa kwa uchache kuliko mataruma ya reli.

Jambo jingine ambalo abiria halioni ni mpaka. Naivasha ilihesabiwa upande wa Uganda hadi mwaka 1902, mstari uliposogezwa magharibi na bonde lote likawa chini ya Himaya ya Afrika Mashariki. Mabadiliko hayo ya ramani yalifungua mlango kwa walowezi. Lord Delamere alijipatia ardhi Njoro mwaka 1903, baadaye Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Lakini hapakuwa mahali patupu. Nyanda za Naivasha na Nakuru zilikuwa malisho ya Wamaasai. Kwa mkataba wa Agosti 1904, ambao Laibon (kiongozi wa kiroho) Olonana alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi, walihamishwa, wengine wakaenda Laikipia na wengine kusini mwa reli. Waliambiwa mapatano hayo yangedumu. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawaondoa Laikipia pia, na kesi waliyoifungua kupinga ikatupwa mwaka 1913.

Mashamba ya walowezi yalihitaji mikono, na mikono ikaja kutoka nyanda za Kikuyu na kwingineko. Hao ndio maskwota, waliolima na kufuga kwa ruhusa ya mwenye shamba. Vita vya Mau Mau vilipozuka, maelfu ya Wakikuyu walikusanywa wakarudishwa makwao kwa nguvu, ingawa wengi wao walizaliwa bondeni. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua silaha na kuwafungua wafungwa. Mji ambao leo watu huupitia wakienda kuona maua na viboko ulikuwa uwanja wa vita vya ardhi.

Gilgil nayo ina mkasa wake. Hapa Waingereza waliwafungia, mwaka 1947 na 1948, Wayahudi waliopigana kwa siri dhidi ya utawala wao Palestina, waliokwisha kupitishwa Eritrea na Sudan. Mmoja wao, Meir Shamgar, alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Israeli. Safari ya kifungo cha vijana wale iliishia kwenye uwanda huu wa vumbi na upepo. Mbele kidogo, Kariandusi, chini ya tabaka za udongo mweupe, yako mashoka ya mawe ya watu wa kale mno, ambao kuhama kwao kulifuata maji na wanyama, wala si amri ya mtu.

Nakuru iliota kandokando ya stesheni. Mwaka 1904 ilitangazwa mji, ikawa soko la wakulima wa Kizungu, na miaka ya ishirini ikawa njiapanda muhimu baada ya reli ya Eldoret kuchepuka kuelekea Uganda. Juu yake iko Menengai, kreta yenye upana wa kilomita kama kumi na mbili, ambako masimulizi ya Wamaasai yanaeleza kuwa watu wa kundi la Ilaikipiak walishindwa vitani katika karne ya 19, wengi wao wakaangukia shimoni. Mashariki mwa mji iko Hyrax Hill, palipochimbwa na Mary Leakey mwaka 1937 na 1938. Yapo mashimo yaliyoachwa na Wasirikwa, wakazi wa kale wa hapa, na vibao vya bao vilivyochongwa mwambani. Makumbusho ya hapo ni nyumba ya shamba ya zamani, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1965. Anayeanzia hapo huelewa kwamba Nakuru ina umri mkubwa kuliko stesheni yake.

Mtu asidhani kuhamishwa kuliisha na ukoloni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya wakimbizi wa ndani, na wengine wakatafuta makazi mapya Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yaliyozuiwa na tuta la reli ya zamani huko Old Kijabe yalibomoa njia yakashuka kwa kishindo, na makumi ya watu wa Mai Mahiu wakafa. Reli ya zamani ilikuwa bado na uwezo wa kuua.

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilitawazwa jiji. Jiji lina haki ya kudai kumbukumbu zake. Kikanisa cha Mai Mahiu kina mwaka wake na wajenzi wanaojulikana, nayo makaburi ya vita ya Gilgil yana majina. Vibarua wa Kihindi na Kiafrika, maskwota waliopakiwa garini, na Wamaasai waliofukuzwa malishoni mwao wanastahili ubao wao pale stesheni ya Nakuru. Bodi ya mbao na rangi, iliyoandikwa kwa Kiswahili, haigharimu jiji kiasi kikubwa. Na pangekuwa pahali pazuri pa kumsimamisha mgeni aliyeanza safari akidhani mawe ya kale yako Italia tu.