Sindano Tano za Yambuku



Juma hili twawaalika tuzitazame hospitali mbili za Kanisa na jinsi maradhi yalivyoenea ndani ya kuta zake. Sisi wa Chapwa, tunaoyaona malori yakipita kila siku kuelekea Zambia na Kongo, tusidhani habari hizi ni za watu wa mbali. Mwezi Machi 2023 homa ya Marburg ilitangazwa mkoani Kagera. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na mmoja wa marehemu hao alikuwa mhudumu wa afya.

Hospitali ya kwanza ni ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo. Mwaka 1976 ilikuwa na vitanda 120, ikihudumiwa na masista kutoka Ubelgiji pamoja na wauguzi wenyeji. Daktari hakuwapo. Hata hivyo watu walitoka vijiji vya mbali kuifuata, kwa kuwa dawa zilipatikana.

Kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa mabomba matano ya sindano. Hayo matano ndiyo yaliyotumika kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolazwa na kwa kina mama wajawazito waliofika kliniki. Baada ya mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa tu katika chombo cha maji ya uvuguvugu, kisha ikamwingia mwingine. Mwishoni mwa Agosti alifika mwalimu wa shule ya misheni akiwa na homa, akachomwa klorokwini kwa kudhaniwa ana malaria. Ulikuwa Ebola, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa hata na jina. Waliougua walifikia 318, wakafa 280. Kati ya watumishi 17 wa hospitali walikufa 11, wakiwemo masista. Hospitali ilipofungwa kwa kukosa watu wa kuiendesha, maambukizi yakaanza kupungua. Ni jambo chungu kulitamka juu ya nyumba ya huruma.

Upendo wa masista wale hatuutilii shaka. Walibaki na wagonjwa wao hadi kufa. Lakini upendo hauchemshi sindano. Tena tujitazame na sisi wenyewe, maana hata kwetu wapo wanaojiona hawakutibiwa wasipochomwa sindano, na wakipewa vidonge hurudi nyumbani wakinung'unika.

Miaka 24 baadaye Ebola ilizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, Daktari Matthew Lukwiya aliitwa kutoka Kampala alikokuwa masomoni, Oktoba 2000, baada ya wanafunzi wa uuguzi kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alipekua maandiko ya kitabibu, akatambua dalili, wala hakungoja majibu ya maabara: alifungua wodi ya kuwatenga wagonjwa, akawavika wahudumu magauni, glovu, barakoa na miwani ya kinga. Ndugu wa wagonjwa, waliozoea kama sisi kulala chini ya kitanda cha mpendwa wao na kumlisha kwa mikono, ilibidi wazuiwe. Wengi waliona ni ukatili.

Hata hivyo wauguzi waliendelea kufa, na mwezi Novemba wenzao waliojaa hofu walitaka kuacha kazi. Daktari alizungumza nao, wakarudi wodini. Usiku mmoja muuguzi aliyekuwa mahututi alianza kutoka damu nyingi; Daktari Lukwiya aliamshwa, akaenda kumsaidia akiwa na gauni, barakoa na glovu, bila miwani. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Maziko yake yalifuata kanuni zilezile alizowawekea wagonjwa wake. Waliombeba walivaa mavazi ya kinga, na waombolezaji wakasimama mbali. Alizikwa pale Lacor, kando ya kaburi la Daktari Lucille Teasdale, mwanamke wa Kanada aliyepata virusi vya UKIMWI akiwapasua majeruhi wa vita katika hospitali hiyohiyo, akafariki mwaka 1996.