Chama Kilichovunjika Kilimanjaro

Katika miaka ya 1920, walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro walimrudia kila ofisa wa serikali na ombi lilelile: Mwafrika asiruhusiwe kulima kahawa. Walidai kwamba vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, vitageuka mazalio ya wadudu na magonjwa, na kwamba watu weusi wakishakuwa na buni zao wenyewe itakuwa vigumu kumkamata anayeiba za Mzungu. Sababu ya tatu hawakuisema kwa sauti, ingawa kila mtu aliijua. Mwenye mibuni yake ya kulipia kodi hana haja ya kwenda kuchuma ya mwenzake kwa ujira mdogo. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, walowezi walikuwa wameshinda katika jambo hili: Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ya arabika, na zuio hilo halikuanza kulegezwa hadi miaka ya 1930, tena kwa majaribio madogo huko Meru, Embu na Kisii. Wenzao wa Moshi walitaka hali hiyohiyo.

Ingekuwa rahisi kwa wakulima wa Kichagga kujibu tuhuma kwa tuhuma, na wangekuwa na haki. Kahawa ilikuwa imefika mlimani mwishoni mwa karne ya 19 kupitia wamisionari Wakatoliki wa Kilema, na wadudu hawakuwa wakibagua shamba la Mzungu na kihamba cha Mchagga. Lakini mwaka 1925, wakitiwa moyo na Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyesimamia eneo hilo na kuunga mkono kilimo chao, walianzisha chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, KNPA. Kiongozi wake alikuwa Joseph Merinyo wa Old Moshi. Kazi ya awali ya chama hiki inafundisha zaidi kuliko hotuba yoyote ya zama zile: kilinunua pampu na dawa za kunyunyizia mibuni, kikaanza kukusanya kahawa ya wanachama ili iuzwe kwa pamoja. Tuhuma ya wadudu ilitolewa kwa nia mbaya, na waliotuhumiwa walilijua hilo. Hata hivyo waliichambua, wakakuta ndani yake punje ya ukweli, kwamba mibuni isiyotunzwa huugua. Wakaishughulikia punje hiyo, na makapi wakawaachia waliowatuhumu.

Hapo ndipo ninapoiona hoja ambayo historia ya kahawa ya Kilimanjaro inaitetea vizuri kuliko mahubiri mengi ya siku hizi kuhusu kujiamini na kujijenga. Anayeishi chini ya mfumo wa dhuluma ana hesabu mbili za kutunza: aliyotendewa na aliyoyatenda mwenyewe. Hesabu ya kwanza ni halali, na kuidai ni wajibu. Lakini ile ya pili ndiyo pekee anayoweza kuirekebisha kesho asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa. Nasema hesabu mbili kwa makusudi, kwa sababu kosa la kawaida ni kuzichanganya. Wako wanaotaka aliyedhulumiwa asahau dhuluma na ajilaumu kwa kila kitu, na wako wanaotaka asijiulize chochote maadamu dhuluma ipo. Wakulima wa Kilimanjaro walilazimika kuzitenganisha hesabu hizo walipoanguka, maana waliangukia pande zote mbili kwa mpigo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, serikali ilikuwa imeanza kukiogopa chama ilichokilea. KNPA ilikuwa imejiingiza katika masuala ya ardhi, na watawala waliona sauti mpya ambayo haikupitia kwa mamangi, machifu wa Kichagga waliowazoea. Kisha bei ya kahawa ikaporomoka katika mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929, na ndani ya chama fedha zikayumba na madeni yakakua. Merinyo alituhumiwa kuhusu fedha hizo na akaondolewa. Kufikia mwaka 1932, chama kilichozaliwa kwa matumaini makubwa kilikuwa kimekwisha. Msomaji anaweza kuusoma mkasa huu kama njama ya wakoloni na akapata ushahidi wa kumtosha. Anaweza pia kuusoma kama uzembe wa viongozi na bado asikose ushahidi. Kwa maoni yangu, usomaji wowote unaochagua upande mmoja hauna manufaa. Serikali ilitaka chama kidhoofike, na chama nacho kiliipa sababu. Mamlaka makubwa yalikuwa mikononi mwa watu wachache, na mkulima wa kihambani hakuwa na njia ya kujua kilichokuwa kikiendelea mjini Moshi.

Kilichofuata kilikuwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933 chini ya sheria mpya ya ushirika ya 1932. Kukusanya na kuuza kwa pamoja kulibaki vilevile, kwa kuwa hapo ndipo KNPA ilipokuwa imefaulu. Lililobadilika ni umbo la chama. Chini yake viliwekwa vyama vya msingi huku na huko mlimani, kila kimoja kikiwa na kamati yake, ghala lake na mizani yake, na hesabu zikawekwa chini ya ukaguzi. Mkulima aliyekuwa akipeleka kahawa yake ya maganda kwenye mizani aliona uzito ukiandikwa, akapata malipo ya awali, akasubiri ya pili baada ya kahawa kuuzwa. Umbo hili lilikuwa jibu la moja kwa moja kwa swali la mahali ambapo chama cha kwanza kilivujia. Kituo cha utafiti cha Lyamungu kilichofunguliwa mwaka 1934 kikaendeleza vita dhidi ya magonjwa ambavyo pampu za KNPA zilikuwa zimevianza, kikaongeza na kazi ya mbegu.

Hapa atainuka mpinzani, na ana neno. Atasema: hayo si mafunzo ya wakulima, ni amri ya serikali. KNCU ilibuniwa na maofisa, meneja wake wa kwanza, Bennett, alikuwa Mzungu, na kanuni zilimlazimisha kila mkulima kuuza kwa chama hicho na si kwingineko. Yote hayo ni kweli, na wakulima wenyewe waliyaona. Mwaka 1937, bei ikiwa duni na manung'uniko yakiwa yamejaa, baadhi ya watu walivamia maghala ya ushirika. Polisi waliletwa na baadhi ya viongozi wa ghasia wakahamishwa. Lakini ghasia hizo haziivunji hoja yangu. Zinaonyesha kwamba watu waliozoea kupima, kuandika na kuulizia malipo hawakuwa wapole hata kidogo. Anayejua kilo zake ndiye hudai senti zake. Pia ushirika haukubaki kuwa mali ya maofisa. Kufikia miaka ya 1950, bei ilipopanda, fedha za kahawa zilikuwa zikijenga shule na kulipia masomo, na Moshi ikawa mji wa ushirika kiasi kwamba mwaka 1963 chuo cha ushirika cha taifa kiliwekwa hapo. Sasa ni chuo kikuu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami siwezi kulimaliza. Wachagga walikuwa na mvua, udongo wa volkano, mifereji ya maji waliyoichimba mababu, shule za misheni, na ofisa mmoja aliyewasikiliza. Mkulima wa Kiambu, Kenya, alikuwa na udongo mzuri na bidii ileile, lakini sheria ilimfungia mlango. Hakuna kujitazama kulikoweza kuotesha kahawa kwenye shamba ambalo sheria ilikataza iote. Nalikubali hilo bila kona. Kujirekebisha kunahitaji ufa, hata mdogo, wa kupenyezea kazi, na pale ambapo ufa haupo, kazi ya kwanza ni siasa. Wakenya walilielewa hilo, na miaka ya 1950 ikawaonyesha watawala gharama ya kuchelewa kusikia.

Merinyo mwenyewe anastahili kutajwa tena. Mtu aliyeondolewa KNPA kwa kishindo alikuwa na sababu ya kujifungia nyumbani na kuwalaumu Waingereza hadi kufa. Katika miaka ya 1940 alirudi uwanjani pamoja na Petro Njau, wakaijenga Kilimanjaro Union, jumuiya iliyokuja kusukuma kuchaguliwa kwa Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, aliyesimikwa mwaka 1952. Ukweli wote wa zile tuhuma za fedha sidhani kama utatoka kwenye majalada yaliyoandikwa na waliomtuhumu. Tunachoweza kukipima ni matendo yake ya baadaye, na matendo hayo ni ya mtu aliyejua kwamba safari hii angehitaji watu wengi nyuma yake.

Dhuluma haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania huru ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, KNCU kikiwamo, na mkulima wa kahawa akabaki bila chombo chake hadi sheria ya 1982 iliporuhusu vyama virudi; KNCU ilianza tena 1984. Vyama vile vilikuwa na dosari za kweli, upendeleo na wizi miongoni mwake, lakini kufutwa kuliondoa dosari na wanaoweza kuzirekebisha kwa pamoja. Mtu hawezi kujifunza kutokana na kosa lililonyang'anywa mikononi mwake. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza kahawa nje ukavunjika, bei ikaanguka, na wanunuzi binafsi walioruhusiwa katika miaka ya 1990 wakakikuta chama kikiwa dhaifu. Kwenye vihamba vingi mibuni ilizeeka bila kupandwa mingine, na mingine ikang'olewa.

Leo viongozi wa vyama vya msingi wanaoilalamikia bei inayopangwa New York wana haki kabisa ya kulalamika, na waendelee. Lakini kabla ya kwenda kulalamika kwa waziri, wabandike hesabu za msimu uliopita kwenye ukuta wa ghala: kilo zilizopokelewa, bei iliyouzwa, makato, na mshahara wa kila mtu kuanzia meneja hadi mlinzi. Hilo halihitaji kibali cha New York wala cha Dodoma.