Saa Nane Mchana, Nani Yuko Nyumbani?

Kwetu tulizoea kuziita sopu, na sidhani kuna aliyekaa chini kujiuliza sabuni inaingilia wapi katika mambo ya Ridge na Brooke. Inaingilia mwanzo kabisa. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ya Cincinnati, Marekani, ilikuwa na sabuni ya kufulia iliyoitwa Oxydol, na ikaanza kugharamia mchezo wa redio wa kila siku kuhusu mjane mmoja mwenye yadi ya mbao, Ma Perkins. Ulirushwa mchana, maana mchana ndipo mnunuzi wa sabuni alipokuwa nyumbani, mikono majini. Mchezo ulikuwa chambo. Nalisema hilo bila kejeli, kwa sababu watu walikula chambo hicho miaka mingi na wakashiba.

Aliyekipika vizuri kuliko wote alikuwa Irna Phillips, mwalimu wa zamani aliyehamia kazi ya redio Chicago. Mwaka 1930 stesheni ya WGN mjini humo ilirusha mchezo wake, Painted Dreams, ambao wengi huutaja kuwa wa kwanza wa aina hii. Mwaka 1937 akaja na Guiding Light. Ukiisikiliza michezo ile leo utaona inakwenda mwendo wa kinyonga. Mtu anaulizwa swali Jumatatu, anajibu Alhamisi. Wakosoaji waliicheka kwa hilo, lakini mimi naona ufundi ulikuwa papo hapo. Phillips alimwandikia mtu ambaye hajakaa. Anapiga pasi, mtoto analia, maziwa yanafurika jikoni. Akitoka nje dakika tano kuanika nguo, akirudi lazima awakute bado wako kwenye neno lile lile. Kwa hivyo kila jambo lilisemwa mara mbili, mara tatu, na wahusika wakaitana majina kila wakati ili sikio lijue nani anaongea. Kinanda nacho kikavuma pale unapotakiwa kuinua kichwa.

Televisheni ilipokuja, wapo waliosema mchezo huu umefika mwisho, kwani macho hayawezi kufuata pasi na kioo kwa wakati mmoja. Haikuwa hivyo. Guiding Light ilihamia CBS mwaka 1952, na kwa miaka minne ikaendelea redioni vile vile. Mwaka 1956 Phillips akaanzisha As the World Turns, ya nusu saa badala ya robo. Ukitaka kujua ilivyokuwa imezoeleka, kumbuka tarehe 22 Novemba 1963: waliokuwa wameiwekea CBS mchana ule walikuwa wakitazama As the World Turns pale sauti ya Walter Cronkite ilipokatiza mazungumzo kuwaambia kwamba Kennedy amepigwa risasi Dallas.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyozilea tamthilia hizi na ndiyo iliyoziua. Kampuni ya Nielsen ilichukua nyumba chache kama sampuli, ikapima televisheni zao zilikuwa kwenye stesheni gani, kisha ikakadiria nchi nzima. Kipimo cha 10 maana yake ni kwamba katika kila nyumba 100 zenye televisheni, 10 zilikuwa zikitazama kipindi hicho. Msimu wa 1969–70 kulikuwa na tamthilia 19 za mchana kwenye stesheni kuu tatu za Marekani, zote zikigawana akina mama wale wale. Zilitengenezwa kwa bei nafuu na kuuza matangazo kwa wingi, kiasi kwamba pesa za mchana zilisaidia kulipia mbwembwe za jioni.

Kilele chake kilikuwa General Hospital ya ABC. Mwaka 1978 ilikuwa karibu kufutwa, ndipo akaletwa mtayarishaji Gloria Monty, ambaye alifupisha maonyesho, akaharakisha mwendo, akawaweka vijana mbele. Kinyonga akaanza kukimbia. Novemba 1981 harusi ya Luke na Laura ilitazamwa na watu wapatao milioni 30, na Elizabeth Taylor mwenyewe akaja kuigiza kwa sababu alikuwa shabiki. Msimu huo kipimo cha General Hospital kilipita 11. Mimi harusi ile siwezi kuishangilia. Luke alikuwa amembaka Laura mwaka 1979, na waandishi wakaugeuza ubakaji kuwa mwanzo wa mapenzi, eti kwa sababu watazamaji walimpenda kijana. Ilichukua hadi 1998 ndipo tamthilia yenyewe ikalirudia jambo lile, mtoto wao Lucky alipojua ukweli.

Halafu kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Sehemu kubwa ya kelele za 1981 ilitoka vyuoni, wanafunzi wakijaa mbele ya televisheni moja ya bweni. Bweni si nyumba ya familia, kwa hivyo halikuwa kwenye sampuli. Nielsen ilianza kuwahesabu wanafunzi wanaoishi mbali na kwao mwaka 2007, wakati karamu imekwisha na sahani zimeoshwa. Muuguzi aliyetazama kwenye chumba cha mapumziko hospitalini, mteja aliyetazama saluni, hao nao hawakuwapo kwenye hesabu.

Na sisi je? The Bold and the Beautiful, iliyoundwa na William J. Bell na mkewe Lee mwaka 1987, iliuzwa katika nchi zaidi ya 100, Kenya ikiwemo. Kwetu mtaani televisheni ya kwanza niliyoijua ilikuwa Great Wall ya nyeusi na nyeupe, inayotumia betri ya gari. Betri ilipelekwa kuchajiwa Jumamosi, na kufikia katikati ya juma picha ilianza kusinyaa kutoka pembeni, ikabaki kidirisha katikati, na Stephanie Forrester ndani yake akiendelea kugomba. Sebuleni tulikuwa watu kumi na wawili, pengine zaidi, wengine wamesimama dirishani kwa nje. Nguo za mitindo za Los Angeles sote tulizijua kwa rangi ya kijivu. Mama mwenye nyumba alitutafsiria kwa Kiswahili alichojitungia yeye, na nilipokuja kujua Kiingereza niligundua kwamba nusu ya maneno makali ya Stephanie yalikuwa yake.

Kwa Nielsen sisi sote tulikuwa sufuri. Lakini stesheni za nje zilizolipia episodi zile, kubwa na ndogo, zinatajwa miongoni mwa sababu zilizoifanya tamthilia hiyo isimame wakati dada zake zinaanguka. Waitaliano waliipenda hivi kwamba kwao inaitwa Beautiful tu, basi.

Kuanguka kwenyewe wengi humtupia O.J. Simpson. Ni kweli kwamba mwaka 1995, kesi yake ya mauaji ilipokuwa ikiendelea Los Angeles, stesheni zilikatiza tamthilia mara kwa mara kuonyesha mahakama, na mtu aliyezoea kukutana na watu wake kila siku akakuta mlango umefungwa. Wengine hawakurudi. Halafu kesi yenyewe ilikuwa na kila kitu: mapenzi, damu, mawakili wenye majina, na haikuhitaji mwandishi. Lakini mwaka 1973, vikao vya Watergate vilipoanza, stesheni tatu zilipokezana zamu baada ya siku chache za mwanzo, hivi kwamba aliyechoka na maseneta angeweza kupata tamthilia kwingine. Upepo ule mti uliustahimili. Wa 1995 uliukuta umeshaliwa na mchwa.

Mchwa wenyewe ni rahisi kuwaona. Mwaka 1950 wanawake 34 kati ya 100 wa umri wa kufanya kazi Marekani walikuwa kwenye soko la ajira. Mwaka 1970 walikuwa 43. Mwaka 1999 walikuwa 60. Yule mama wa pasi ambaye Phillips alimwandikia alikuwa amevaa viatu akatoka. Saa nane mchana yuko ofisini, au kwenye kaunta ya benki, au anamuuguza mgonjwa wa watu. Aliyeipenda sana tamthilia yake aliirekodi kwa kaseti, na usiku akaitazama huku akiyarusha matangazo, yaani akila chambo na kuiacha ndoana. Oprah Winfrey alianza kuonekana nchi nzima mwaka 1986, na maongezi ni rahisi kutayarisha kuliko tamthilia yenye waigizaji thelathini na seti za kujengwa na kubomolewa. The Young and the Restless ilishika namba moja mwishoni mwa miaka ya 1980 na haijaiachia, lakini namba moja ya leo ingekuwa aibu siku za Luke na Laura.

Hata hivyo kuna waliobaki sebuleni. Wajane, wastaafu, walioachishwa kazi, wanaofanya kazi za usiku, nyanya wanaolea wajukuu. Wanawake weusi walikuwa wengi miongoni mwao kuliko sehemu yao katika nchi. Na hapa ndipo hesabu inaponikera. Matangazo ya mchana yaliuzwa kwa kipimo cha wanawake wa miaka 18 hadi 49. Mama aliyeanza kuitazama Guiding Light akiwa bibi harusi, akaitazama siku aliyozika mume, akifika miaka 50 alikuwa anatazama bado, ila thamani yake kwa muuza sabuni ilikuwa imeporomoka. Ukisoma kwamba watazamaji walikimbia, uliza ni wangapi waliokimbia na ni wangapi waliofutwa daftarini wakiwa wamekaa kwenye kiti chao.

Mwaka 1962 Agnes Nixon, mwanafunzi wa Irna Phillips katika kazi hii, alitaka mhusika wa Guiding Light aitwaye Bert Bauer apimwe kansa ya kizazi mapema, baada ya rafiki yake mwenyewe kufa kwa ugonjwa huo. Wenye sabuni na stesheni walikubali kwa sharti: neno kansa lisitajwe, wala kizazi, wala upasuaji wa kukitoa. Nixon akaandika hivyo hivyo, kwa mafumbo, na wanawake wakaelewa. Hakuna kipimo cha Nielsen kinachoonyesha ni wangapi walikwenda kwa daktari juma lile.

Huku kwetu kuna waliojaribu kukihesabu kitu cha namna hiyo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliokuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njia nzima. Muundo ulikuwa ule ule wa sopu, ila kilichouzwa kilikuwa uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Eneo la mtambo wa Dodoma liliachwa makusudi bila mchezo huo hadi 1995 ili pawe na kulinganisha, na kliniki zikawauliza wateja wapya ni nini kimewaleta. Baadhi yao walitaja redio. Dodoma walipunjwa miaka miwili, hilo nalo tuliseme. Lakini angalau swali lilikuwa mtu amefanya nini baada ya kusikiliza, na mwanamke wa miaka 50 aliyempeleka binti yake kliniki aliweza kuingia kwenye jibu.

Marekani mwisho ulikuja haraka. Guiding Light, baada ya kujaribu kuokoa pesa kwa kamera za mkononi na nyumba halisi za New Jersey, ilizimwa Septemba 2009, miaka 72 tangu ianze redioni. As the World Turns ikafuata Septemba 2010. Aprili 2011 ABC ilitangaza kuziua mbili za Nixon kwa mpigo, All My Children na One Life to Live, mahali pake pawekwe kipindi cha mapishi na kingine cha kupunguza mwili. Kampuni ya Hoover, inayotengeneza mashine za kufyonza vumbi, iliondoa matangazo yake ABC kwa hasira. Mara moja mwenye bidhaa akasimama na mtazamaji! Haikusaidia. Kile kipindi cha kupunguza mwili chenyewe hakikumaliza mwaka. Kufikia 2012 zilibaki nne, na mwaka 2022 moja kati ya hizo, Days of Our Lives, ikahamishiwa intaneti, ambako nyanya asiye na mtandao mzuri lazima amsubiri mjukuu.

Nilidhani hadithi ingeishia hapo, hadi Februari 2025, CBS ilipozindua Beyond the Gates, tamthilia mpya ya kwanza ya mchana kwenye stesheni kuu tangu Passions ya 1999. Inahusu familia tajiri ya watu weusi karibu na Washington, na NAACP ni miongoni mwa watayarishaji. Mshirika mwingine ni Procter & Gamble, wale wale wa Oxydol. Wamepewa saa nane mchana. Saa hiyo mwaka 2010 ilichukuliwa kutoka kwa As the World Turns ikapewa The Talk, kipindi cha maongezi. The Talk ikafungwa Desemba 2024.