Kichocheo: Kostiki Ile Ile, Kazi Mbili

Katika kemia, kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa nao. Dhana hiyo ilipewa jina na mkemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, mwaka 1835. Kiswahili kilichukua jina lake kwenye moto: anayechochea husukuma kuni ndani, moto ukazila, na mkono uliosukuma ukabaki mzima. Wapo wanaoona afadhali tuseme katalisti, kwa kuwa kichocheo tayari kina kazi nyingi, kuanzia homoni za mwilini hadi maneno ya kuchochea ugomvi. Hoja hiyo ina uzito, ila katalisti halimwambii msomaji lolote, ilhali kichocheo humpa nusu ya maana kabla hajafundishwa. Nusu iliyobaki, ya kutoliwa, ndiyo inayosahaulika, na hakuna pahali ambapo kusahau huko kunagharimu kama katika biodizeli ya kutengeneza nyumbani.

Mafuta ya kupikia ni gliserini iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Methanoli ikiingia, asidi hizo huiacha gliserini na kushikana na methanoli, na hiyo ndiyo biodizeli. Kwa lita moja ya mafuta mapya, kanuni ya kawaida ni takribani mililita 200 za methanoli na gramu 3.5 za kostiki soda, ambayo ndiyo kichocheo, katika joto la nyuzi 55 hivi. Methanoli huchemka karibu na nyuzi 65, na mvuke wake ni sumu inayoshika moto upesi. Gliserini hutuama chini, biodizeli ikakaa juu. Sasa mtazame mtengeneza sabuni: naye hupima kostiki hiyo hiyo na kuitia katika mafuta, lakini kwake ni kiungo, kwani sodiamu yake huingia ndani ya sabuni na kubaki humo. Basi ukichocheo haumo katika kostiki yenyewe. Umo katika kazi iliyopewa, na kazi hiyo huamuliwa na kinachochanganywa nayo, pamoja na hali ya mafuta.

Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa hudhihirisha jambo hili. Moto na maji ya chakula huvunja sehemu yake na kuacha asidi huru, nazo huidaka kostiki na kuigeuza sabuni kabla haijachochea chochote. Ndiyo maana hupimwa kwanza: mililita moja ya mafuta huyeyushwa katika mililita 10 za alkoholi ya isopropili, hutiwa matone ya kiashiria cha fenolfthalini, kisha huongezwa maji yenye gramu moja ya kostiki kwa lita hadi rangi ya waridi itokee na kudumu. Zikitumika mililita 3, kila lita ya mafuta itahitaji gramu 6.5. Gramu 3 kati ya hizo si kichocheo hata kidogo. Ni malipo ya asidi. Kostiki ya potasi, inayoweza kutumika badala ya soda, hudai uzito mkubwa zaidi, kama gramu 4.9 badala ya 3.5 ikiwa safi, kwa sababu molekuli yake ni nzito mara 1.4. Hata hivyo huyeyuka upesi katika methanoli, na gliserini yake hubaki majimaji, wakati ile ya soda huganda ikipoa.

Atakayesema tuongeze kostiki ili kazi iende mbio atapata sabuni zaidi, na wakati wa kuosha, maji na biodizeli vitashikana rojorojo visitengane. Atakayesema basi tutumie asidi ya salfuriki, ambayo haifanyi sabuni, ana hoja nzuri zaidi: asidi hiyo hugeuza hata asidi huru kuwa biodizeli. Lakini kwa mafuta yenyewe ni ya polepole mno kuliko kostiki, na kuigeuza asidi huru huzaa maji yanayozuia mmenyuko. Kwa hiyo mafuta yaliyochoka sana hupitishwa kwanza kwenye asidi, kisha kostiki. Mwenye mafuta safi hana sababu ya kuingia gharama hiyo. Maelekezo ya Kiswahili yangeeleweka vizuri zaidi kama yangeandika vipimo viwili, kostiki ya kuchochea na kostiki ya kuua asidi. Cha kwanza hakibadiliki. Cha pili kikizidi kupanda, ni ishara ya kubadili njia.